Shuka Mbili na Jani la Isale

Projekta tuliazimwa na ofisi moja ya afya mjini Moshi, iliyokuwa ikiitumia kwenye semina zake. Tulipewa kwa Jumapili moja tu, kwa sharti kwamba taa yake isiungue, maana taa mpya ilikuwa ghali kuliko mchezo wetu mzima wa kuigiza.

Vingine vyote tulijitengenezea. Pazia la picha lilikuwa shuka mbili nyeupe ambazo mama yangu aliziunganisha kwa cherehani. Tulizinyoosha kwa pasi ya mkaa na kuziwamba kwenye fremu za vitanda vya kuanikia kahawa. Vitanda hivyo vilijaa kijijini kwetu Kilema miaka hiyo, vimeegemezwa ukutani, kahawa ya kuanika haipo. Madirisha ya ukumbi wa parokia tuliyaziba kwa mablanketi, na saa nane mchana mle ndani mlikuwa na giza ambalo sikulipenda tangu tulipolijaribu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji, na nilikuwa mkali. Mwezi mzima niliwafokea wachezaji kwa jambo moja: asipite mtu mbele ya mwanga. Projekta ilikaa katikati ya ukumbi, na yeyote aliyeisogelea shuka kivuli chake kilimeza picha.

Mchezo ulihusu familia inayogombea kihamba, yaani shamba la nyumbani, lenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Nilitaka nyuma ya wachezaji ionekane migomba mikubwa na mibuni chini yake, katika ukungu wa asubuhi. Kihamba cha namna hiyo kilichobaki nilikijua kimoja, cha baba yangu, na baba alikuwa amenikataza kukikanyaga.

Kosa lilikuwa langu. Bei ya kahawa ilipoanguka niling'oa mibuni yake ya upande wa chini, yeye akiwa amelazwa hospitali, nikapanda nyanya za kuuza sokoni Kiboriloni. Nyanya zenyewe zikaoza. Baba aliporudi aliyatazama yale mashimo, akaniambia niondoke, na kwa miaka mitatu hakunisemesha. Kwetu kuomba radhi ni rahisi hata kwa mwenye aibu. Unakata jani la isale, lile refu linalopandwa kwenye uzio, unampelekea uliyemkosea, naye akishaletewa isale hawezi kukataa. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Kilichonizuia ni kiburi, sina jina lingine la kukiita.

Basi nikamtuma mpiga video wa Kiboriloni, mtu wa Tanga asiyejua Kichagga, aliyezoea kupiga harusi. Mama alimfungulia. Mimi nilibaki barabarani, nje ya uzio wa masale, kama mwizi. Nilikuwa nimemwagiza asitoe neno kamera ikiwa inachukua, kwa sababu sauti ya matone kwenye migomba niliitaka safi. Manyunyu yalikuwa yakishuka, akajifunika koti jeusi la mvua, yeye na kamera yake.

Alipotoka nilimuuliza kama kulikuwa na mtu.

"Mzee mmoja tu alipita," akasema. "Nilinyamaza kama ulivyosema."

Dukani kwake tuliangalia dakika tano za mwanzo. Ukungu, migomba, matone. Zilitutosha, maana sehemu ile ya mchezo ilikuwa ya dakika tano.

Muda si mrefu baba alifariki. Tulimzika kihambani, na siku hiyo ndiyo nilipokanyaga pale tena. Sikukuu ya parokia tuliyoiandalia mchezo ilikuwa haisogezwi, nami nikaendelea na mchezo kwa sababu kukaa bila kazi kulinitisha.

Siku ya onyesho, mchezaji aliyeigiza babu alisahau maneno. Akakohoa, akarudia, akazunguka kigoda chake. Mimi nilikuwa kwenye deki ya video, kidole juu ya kitufe, namsubiri amalize. Dakika tano zikapita. Ndipo kwenye shuka mgomba mmoja ukatikisika, na baba akatoka.

Alijaa ukuta mzima. Alivaa koti lake la misa, na macho yake yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho. Karibu wote waliokuwamo mle ukumbini walikuwa wamemtupia udongo kaburini. Kuna mtu alianza sala, akaikatisha. Upepo ulipita chini ya mlango, shuka zikavutwa nyuma na kurudi, na kifua cha baba kikapanda na kushuka. Alikuja moja kwa moja, hadi uso wake ukakatwa na mshono wa mama. Akainua jani la isale.

"Mwanangu," spika za kanisa zikasema kwa Kichagga, kwa sauti yake, "nimekuja mimi, maana wewe huji. Mibuni ni miti tu. Pokea."

Akasubiri. Tulisikia matone. Aliendelea kusubiri huku ameunyoosha mkono, mpaka ukaanza kushuka. Halafu akaliweka jani chini, mbele ya kamera, akageuka, na migomba ikamfunika. Kanda ikaishia kwenye chenga, picha ikapotea.

Watu walitoka bila kupiga makofi. Mama peke yake alibaki kwenye benchi, nami nikaenda kukaa karibu naye.

"Siku ile ya kamera aliingia ndani, akavua koti," mama akasema. "Akaniambia, nimempa isale, amenyamaza. Tangu hapo hakukutaja tena. Nilidhani uliingia pamoja na mpiga video, ukaikataa kweli. Msiba wote nilikuwa na hasira na wewe."

"Sikuwa mimi, mama. Nilikuwa barabarani."

"Mimi nimejua sasa," akasema. "Yeye hajui."

Nilirudi kwenye deki, nikairudisha kanda nyuma. Baba akatoka tena migombani na kuinua jani lake. Nikaenda mbele, nikaingia kwenye ule mwanga niliowakataza watu mwezi mzima, nikanyoosha mikono yote miwili, kama inavyopokewa isale. Kivuli changu kikapanda kwenye shuka. Kikafunika jani, kikafunika mkono, kikafunika uso wake wote, na nyuma yangu spika ziliendelea kutoa matone, na pumzi ya mtu anayesubiri ajibiwe.