Sindano za Ini la Mjomba

Kwetu Kinole, ugonjwa wa ini ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa walevi. Ndiyo maana mjomba wangu, mwadhini wa msikiti wetu, alipolazwa hospitali mjini, tuliwaambia majirani ni tumbo. Hata kwenye foleni ya sukari, katika duka la kijiji, mama alisema tumbo. Mimi nilitazama chini.

Ini lilikuwa na uvimbe. Daktari alitueleza taratibu: atakata sehemu yenye uvimbe, na sehemu itakayobaki lazima iwe na nguvu ya kufanya kazi yote. Kwa hiyo kabla ya kupasuliwa, mjomba angechomwa sindano ya vitamini kila asubuhi ili damu yake igande, na kuwekewa dripu ya glukosi. Bila sindano zile angevuja damu mezani.

Ijumaa mtani wake alikuja kumwona. Kwetu mtani hakasirikiwi, hata msibani. Alisimama mlangoni mwa wodi akapaza sauti:

"Shehe! Kumbe ile pombe ya gongo tuliyoitafuta kijiji kizima uliimaliza wewe?"

Wodi nzima ilicheka. Mama naye alitabasamu, maana ndiyo desturi, lakini mikono yake ilikuwa imeukunjakunja mtandio. Mjomba alijifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi iliyofuata, muuguzi alipofika na sindano, mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwambia, "Dada, hiyo ndiyo dawa ya gongo?"

Mjomba akakunja mkono. "Sitaki. Nirudisheni nyumbani."

Muuguzi alimsihi. Mama alilia. Mjomba akageukia ukutani.

Tukamfuata mtani sokoni, alikokuwa akiuza ndizi. Mtani halalamikiwi, lakini ndiye anayechimba kaburi na kuzika. Mama alimwambia neno moja tu: "Kaka amekataa sindano. Kachukue jembe."

Mtani aliziacha ndizi zake. Alipoingia wodini hakucheka.

"Jamani, huyu hajaonja hata togwa iliyochacha. Mlevi ni mimi." Kisha akainama kitandani. "Shehe, ardhi ya Kinole ina mawe, na mgongo wangu mbovu. Nyoosha mkono."

Mkono ulitoka polepole chini ya shuka. Uso haukutoka.

Alipasuliwa, akapona. Lakini adhana alimwachia mtu mwingine. Alisema sauti imekwisha. Nasi, tulipoulizwa, tuliendelea kusema lilikuwa tumbo.