Shamba la Bibi Aliyenunuliwa

Wiki ile nilikuwa nafundisha kidato cha sita vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini walivyopigana kwa sababu ya utumwa. Hapa Bariadi mada hiyo hainisumbui. Nikisema watumwa walichuma pamba, sihitaji kuchora ubaoni. Nusu ya darasa wamesomeshwa kwa pamba. Lakini safari hii nilikuwa nasoma notsi zangu bila kuzisikia.

Mama, mjane wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa amenipigia simu kutoka kijijini kwetu Mwandoya. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimtaka ahame shamba aliloachiwa na baba. Babu yetu alikuwa na wake wawili: kaka anatoka kwa mke mkubwa, sisi kwa mdogo.

"Anasema bibi yako alinunuliwa kwa majembe akiwa mtoto," mama aliniambia. "Hakulipiwa ng'ombe. Kwa hiyo ninyi si wa ukoo."

Bibi nilimkuta angali hai. Alikuwa akiimba akitwanga, kwa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeijua, na tukimuuliza alikotoka alisema mbali. Sikuwahi kuuliza zaidi. Sasa nilijilaumu.

Alhamisi, msichana mmoja wa dirishani aliuliza watumwa walipoachiwa huru walikwenda kuishi wapi. Nikaeleza kwamba baadhi yao waligawiwa mashamba ya mabwana waliokimbia vita, wakalima, wakajenga vibanda. Kisha rais mpya akaamuru mabwana warudishiwe.

"Walikuwa na karatasi, mwalimu?"

Nilimjibu kwamba wengine walikuwa nazo, na hazikuwasaidia. Mama hakuwa hata na hiyo karatasi.

Jumamosi kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwa kaka. Nilimsalimia, akaitikia akitazama pembeni. Alizungumza kwa utulivu, na hilo ndilo lililonitisha: alieleza mpaka, mahari isiyolipwa, na wanawe wanne wasio na pa kulima. Wazee watatu wa ukoo walitikisa vichwa kukubali. Mwalimu wa historia mzima, nikakaa kama mtuhumiwa.

Aliyesema ni shangazi, binti wa mwisho wa yule mke mkubwa, ambaye siku hizi haoni vizuri. Nilidhani yuko upande wao.

"Mama yangu alikufa akinizaa," alisema. "Huyo mnayemwita wa kununuliwa ndiye aliyeninyonyesha. Titi moja mimi, titi jingine baba yake huyu mwalimu. Kama yeye si wa ukoo, basi na mimi nitoeni."

Mama alifunika uso kwa khanga. Wazee wakatoka nje kushauriana, na kwa muda ule wote nilihesabu mabati ya paa, nikianza upya kila nikisikia sauti zikipanda. Waliporudi walisema mama akae shambani maisha yake yote. Habari ya sisi watoto wake itazungumzwa siku nyingine.

Niliomba iandikwe. Kaka alisema mambo ya ukoo hayaandikwi. Niliandika hata hivyo, nyuma ya karatasi ya mtihani. Shangazi akaweka dole gumba, mzee mmoja akasaini, wengine wawili wakasema wameacha miwani nyumbani.

Nilipomwambia mama kwamba karatasi hiyo ni nyepesi mno, alisema anajua, ila palizi haingoji. Msimu huu amepanda pamba mpaka kwenye mpaka. Kaka naye amepima upande wake kwa kamba, akaingia kwetu hatua sita. Nimepeleka barua ofisi ya kijiji. Sijajibiwa bado, na shangazi amelazwa hospitali.