Emacs ilivyonionyesha mstari ulioamua kama bibi aliyekuwa Muyinga aamshwe au aachwe alale

Wakuu, salaam kutoka Gitega. Hili limenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Mama Zawadi anauza vitenge Muyinga, kwao ni Uvira. Nilimwekea Emacs, programu nyepesi ya kuandikia, kwenye kompyuta yake kuukuu, maana programu nzito haiziwezi.

Juzi mama yake mzazi, bibi yake Zawadi, aliyekuja kumtembelea, alimsimulia kutwa nzima walivyokimbia vita na nani alibaki njiani. Yeye akawa anachapa.

Jioni akanipigia.

"Kaka, maandishi yote iko imepotea! Nilichagua yote, nikafuta bila kujua. Nikiwa natafuta namna ya kuirudisha, courant ya umeme ikakatika."

"Uli-save?"

"Asubuhi tu, kichwa yake. Kaka, mama alilia leo. Na kesho anarudi Uvira. Nimuamshe anisimulie tena?"

"Subiri. Uliona chochote chini ya skrini?"

"Kizungu tu. 'Shrunk' nini sijui."

Emacs huweka nakala ya tahadhari yenyewe. Swali: nakala ile ni ya kabla ya kufuta, au baada?

Ukiiuliza kuhusu function yoyote, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, Emacs hukutajia faili ilikoandikwa. Nikauliza do-auto-save, ile inayohifadhi nakala hiyo. Jibu: built-in, yaani imejengewa ndani, iko kwenye "C source code", msimbo wa Emacs yenyewe ulioandikwa kwa lugha ya C. Basi. Ni kama kumuuliza mtu anakaa wapi, akakujibu Burundi.

Bahati nzuri source code nilishaidownload. Nikabofya jibu lile, ikaniuliza folda, nikaionyesha. Ikafungua fileio.c, kishale kimesimama pale pale function inapoanzia!

Nilipouliza mara ya pili, ikataja fileio.c yenyewe.

Nikasoma kushuka. Kuna mtu, simjui, aliandika hivi: maandishi marefu yakipungua mno ghafla, acha kuhifadhi. Yaani nakala ya zamani haiguswi. Na ujumbe unaotolewa una neno "shrunk", yaani yamepungua.

Mtu alikaa mahali akamfikiria anayefuta kwa bahati mbaya.

"Mama Zawadi, mwache bibi alale. Umeme ukirudi usiandike kitu, nipigie."

"We uko na hakika?"

"Nimeisoma kwa macho yangu."

Umeme ulirudi asubuhi, bibi akifunga mizigo. Nikamwelekeza afungue faili, kisha recover-this-file.

Akachapa, akabonyeza Enter.

Nilichojifunza: "C source code" si mwisho wa njia, fuata usome. Na tusave, jamani. Wewe ni function gani uliifuata hadi ndani ikakuacha mdomo wazi? Tiririka hapa chini.

Ah, na ile faili. Mama Zawadi alipiga kelele: "Iko yote! Inakosa tu jina ya mwisho. Mama, ule mtoto wa shangazi aliitwa nani?"

Na kwa mbali nikamsikia bibi akilitaja.