Lenzi Nilizozifukia Kwenye Ngano

Jamani, mkisikia wazee wa Endasak wananiita Bwana Ngano msicheke kwanza, nitawaeleza mwenyewe, ingawa mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Enzi zile mashamba ya ngano ya serikali bado yananguruma hapa Hanang, nilikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, na Jumapili mpiga picha wa harusi na ubatizo (tena wa kutegemewa!). Mimi na mzee Damiano, fundi mkuu wetu, tukachaguliwa kwenda Kanada kusomea mashine mpya. Mama aliniomba kitu kimoja tu: "Baba, niletee picha yako ukiwa huko, niione, maana mimi sitafika."

"Kijana, beba kamera moja," mzee Damiano akanishauri. Moja? Mimi? Nikabeba zote mbili, lenzi zote, fleshi, stendi ya miguu mitatu, mpaka sweta zikakosa nafasi. Sasa lenzi zisivunjike nifanyeje? Mama akacheka, "Kwani mayai tunayafikishaje sokoni Katesh?" akanimiminia sandukuni ngano aliyookota shambani baada ya kombaini kupita, nami fundi mzima nikazifukia lenzi humo, nikafunga kamba, nikajiona nimemaliza kila kitu.

Kufika kule, afisa wa forodha akasema fungua. Kamba kukatika tu, ngano hiyooo! Ikamwagika kwenye sakafu inayong'aa mpaka kwenye viatu vya watu, na mimi (naapa, sikufikiri) nikapiga magoti nikaanza kuzoa kwa viganja, maana kwetu nafaka haiachwi chini ikakanyagwa. Afisa anafoka (kumbe mbegu za nje ni marufuku kwao!), wenyeji waliokuja kutupokea wanacheka, mmoja wao akanipiga picha.

"Inuka bwana, unatuaibisha," mzee Damiano akaninong'oneza, na mimi bado nazoa.

Ngano wakaichukua yote kwenda kuichoma. Na vumbi lake lilikuwa limeshaingia kwenye lenzi na kamera zote mbili. Nilipiga picha za theluji wee, nikajipiga na mimi mwenyewe, picha zote zikatoka ukungu mtupu.

Nikarudi sina cha kumpa mama ila ile picha aliyonipiga yule mwenyeji, akanipa kwa utani siku ya kuagana: mimi magotini, ngano viganjani, viatu vya wazungu pande zote. Nikampa nikiangalia chini kwa aibu. Mama akaitazama weee, machozi yakamtoka, akasema, "Ni wewe kweli. Umefika."

Akaitundika sebuleni, na kila mgeni lazima aonyeshwe: "Mwanangu huyo, hata kwa wazungu hakuacha ngano ikakanyagwa." Ndiko jina la Bwana Ngano lilikotoka.

Basi tangu hapo nikisafiri nabeba kamera moja, na sweta ndiyo naitanguliza. Kombaini zimenyamaza, mama naye hayupo, namkumbuka sana. Ile picha iko pale pale alipoitundika, na simruhusu mtu kuihamisha.