Dakika Tatu za Kimya

Hita ya chumba hiki cha kusubiri kupimwa Korona, hapa hospitali ya Westmead, ugenini, inanuka vumbi lililoungua. Nimebana kikohozi nyuma ya barakoa.

Chumba cha redio alichofanyia kazi baba bandarini kilinuka hivihivi. Saa yake ya ukutani ilikuwa na vipande vyekundu. Mshale wa dakika ukiingia hapo, meli zote zilinyamaza dakika tatu, ili mwenye shida asikike. Siku moja nilikuwa humo na mama; meli ya mjomba ilikuwa haijajibu tangu asubuhi. Mshale ulipoingia kwenye wekundu, koo likaniwasha mpaka machozi yakanitoka. Mama akaniziba mdomo kwa kanga.

Ndipo spika ikatoa sauti nyembamba, ya mjomba: injini imezima, watu wote wazima.

Baba akamjibu, akaandika, akanigeukia.

“Haya, mwanangu. Sasa kohoa.”