Makofi Aliyoyaacha Njoroge

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia vijana wa kanisa letu wakigombania nani awe mbele, mwanangu, ni ile Jumamosi kaka yangu Njoroge alipokuwa aigize shujaa katika ukumbi mmoja kule Parklands. Ilikuwa tamthilia ya kale: jemadari ananyimwa zawadi ya ushujaa, anaona amevunjiwa heshima, anauangukia upanga wake na kuwaacha mke na mtoto. Mimi nilikuwa katika kundi la waombolezaji. Kazi yangu ilikuwa kulia, na nililia vizuri, usinicheke.

Njoroge alikuwa hodari kweli. Kijijini kwetu Mutuini kila mtu alimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hiyo palikuwa na mgeni aliyetafuta kijana mmoja wa kumpeleka ng'ambo kusomea uigizaji, na sote tulijua atakuwa nani.

Lakini baba alikuwa amelazwa hospitali Upper Hill, tumbo limemharibikia, na daktari alikataa kumpasua kabla jamaa hawajatoa damu ya kutosha. Mimi yangu nilikuwa nimetoa asubuhi. Mama alikataliwa kwa sababu ya presha. Wajomba walikuwa mbali. Alibaki Njoroge.

Mama akaja hadi nyuma ya pazia, kitambaa kichwani, thamosi ya uji wa mgonjwa bado mkononi.

"Mama, nikitoa damu saa hii nitaanguka kwa steji," Njoroge akasema. "Wacha nimalize, nitakuja mbio."

Mama hakupandisha sauti. "Huyu mtu umevaa nguo zake, si ndiye alikufa juu ya sifa? Umekaa naye miezi hiyo yote na hujamsikia?"

Huko mbele watu walikuwa wameshaanza kujaa, tunawasikia. Njoroge akafungua mkanda wa upanga wa mbao, akampa Mutua, rafiki yetu wa Machakos aliyeyajua maneno yote, akatoka na mama, ndevu za masizi zikiwa bado kidevuni. Muuguzi alicheka hadi akakosa mshipa.

Mutua akapigiwa makofi, Mutua akapanda ndege. Baba akapasuliwa jioni hiyo, akapona, akazeeka, akabeba wajukuu. Njoroge anafuga ng'ombe Mutuini hadi leo.

Na sikiliza hili. Alitukataza kabisa kumwambia baba alichokiacha. "Asije akaona haya kwamba amepona," alisema. Baba tulimzika hajui. Njoroge akisikia nimekusimulia atanuna wiki nzima. Na anune, mimi nimechoka kuificha fahari yangu.

Basi mwanangu, heshima itafute, sikukatazi. Lakini siku itakapokutaka umpite mtu wako anayekuhitaji ili uifikie, jua hiyo si heshima tena, ni uchu tu. Kizuri chajiuza. Fanya linalokupasa hata kama hakuna atakayelitaja, hata siku ya mazishi. Mungu akupe moyo wa kuyaacha makofi bila kinyongo, akupe na watu watakaoacha yao kwa ajili yako, na usijue kamwe ni mangapi waliyoyaacha.