Kusubiri Sindano ya Tatu

Mara ya pili korona iliponipata nilikuwa nafundisha nasari, watoto wa miaka minne na mitano, katika shule moja ndogo ya kibinafsi huku mtaani Umoja. Jumatatu koo lilianza kuwasha. Jumanne niliimbisha nyimbo za herufi kwa sauti nzito ya kiume, watoto wakacheka, nami nikacheka nao. Jumatano magoti yalikataa kuinuka kutoka kwenye vile viti vyao vidogo, na mwalimu mwenzangu akanitazama akasema, "Nenda nyumbani, mwalimu. Lakini pitia hospitali kwanza."

Nilipitia kituo cha afya cha karibu. Muuguzi wa pale, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, alinisikiliza kifua, akanipima joto, kisha akaniuliza kama ningekubali kupimwa korona. Niliona haya kidogo. Wakati huo watu walikuwa wameshaziacha barakoa, na yale madumu ya kunawia mikono yaliyokuwa mbele ya kila duka sasa yaliwekewa maji ya kuoshea sufuria. Nikakubali. Alinitia kijiti puani, tukangoja, akarudi.

"Ni yenyewe," alisema. "Umechanjwa?"

"Mara mbili, Sista. Ile ya tatu sikuifuata."

"Basi usiifuate leo. Pona kwanza, halafu uje tuongee."

Alinipa dawa za maumivu, akaniambia ninywe maji mengi na nikishindwa kupumua nirudi mara moja. Halafu akaongeza kwamba nikae mbali na wazee kwa siku kadhaa. Hayo mengine niliyasikia, lakini la wazee ndilo nililotembea nalo hadi nyumbani.

Ploti yetu ina vyumba sita vinavyotazamana, mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati na kamba za kuanikia nguo. Katika chumba kinachopakana na changu anaishi mama mzee pamoja na binti yake. Walitoka Moyale miaka mingi iliyopita. Binti anauza vitambaa Eastleigh. Huondoka asubuhi na kurudi jioni. Wao ni Waislamu, mimi ni Mkristo wa kutoka Murang'a, na kwa miaka tisa tumekuwa tukila pamoja sikukuu za pande zote mbili. Yule mama mimi humwita Nyanya. Kila siku saa kumi, nikishatoka shule, alikuwa akija kwangu na mfuko wake wa dawa za presha. Hakuwahi kwenda shule, na hakumwamini mtu wa duka la dawa. Nilimsomea kila pakiti, hata ile niliyomsomea jana yake, kisha tukanywa chai.

Alikuja hivyo hivyo hata mwaka ule wa kwanza wa korona, nilipougua mara ya kwanza.

Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Siku zile ukikohoa tu mtaani watu wanahamia upande wa pili wa barabara. Katika ploti ya nyuma yetu mwanamume mmoja alichukuliwa na ambulensi, na aliporudi mzima akakuta mwenye nyumba ameshampangishia mtu mwingine chumba chake. Kwa hiyo nilipoanza kusikia baridi nilijiambia ni mafua. Siku mbili nilikuwa sijui, na kwa hizo sijilaumu. Siku ya tatu kitunguu kiliungua kwenye sufuria mbele yangu, moshi ukajaa chumba, nami sikusikia harufu yoyote. Nikajua. Saa kumi Nyanya akabisha, nikamfungulia. Siku ya nne pia nikamfungulia.

Majuma mawili baadaye walimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Alikaa huko siku tisa. Alirudi, tukamshukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake, lakini tangu hapo akitoka mferejini husimama mara mbili kupumzika kabla ya kufika mlangoni kwake. Kila aliposimama nilitazama pembeni.

Sasa Jumatano hii saa kumi alibisha tena.

"Usiingie, Nyanya," nilisema nikiwa dirishani. "Nina korona."

"Ile ya zamani?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa nani atanisomea dawa?"

Alivuta kigoda akaketi ng'ambo ya mfereji, akaniinulia pakiti moja moja. Kwa mbali vile sikuweza kusoma maandishi, lakini nilizijua rangi. Nikamwambia ya bluu ni ya asubuhi, nyeupe ni ya jioni. Keateka, msimamizi wa ploti yetu, alipita na ndoo, akanitazama nikipiga kelele dirishani. "Mwalimu, hiyo kitu bado iko?" aliuliza, akaenda zake akitikisa kichwa.

Jioni binti alirudi, akasikia habari, akaniletea supu ya mbuzi kwenye hotipoti. Aliiweka kizingitini akarudi nyuma hatua tatu. Alisema, "Asante kwa kumzuia Mama. Wengine wasingesema."

Ningeweza kuitikia tu na kufunga dirisha. Lakini ile asante ilinikaa vibaya.

"Dada yangu," nilisema, "mara ya kwanza sikusema."

Nilimweleza yote, kitunguu, siku nne, na mlango. Alinisikiliza akiwa bado na buibui lake la kazini, mkoba begani.

"Siku zote nne ulijua?"

"Mbili za mwisho nilijua."

Aliitazama hotipoti chini. Nilidhani ataichukua. Hakuichukua. Aliingia kwao akafunga mlango taratibu, na kuanzia jioni ile tukawa watu wa salamu tu, tena salamu ya juu juu.

Homa ilinishika siku nne, kisha ikalegea. Uchovu ndio uliobaki. Nikifua blauzi moja nakaa chini. Nyanya hakuacha kuja kwenye kigoda chake. Sikujua kama binti amemwambia, mpaka Jumamosi aliposogeza kigoda karibu kidogo, akatazama mlango wao kuona kama umefungwa.

"Binti yangu amekasirika na wewe," alisema.

"Ana haki, Nyanya."

"Anayo. Hata mimi nimekasirika kidogo." Alipanga pakiti zake mapajani. "Lakini juma lile kabla sijaugua nilikwenda harusi. Ya mtoto wa dada yangu, Eastleigh. Serikali ilikuwa imekataza, na binti yangu alikuwa amenikataza kuliko serikali. Alipokwenda kazini nikatoka. Tulikuwa wanawake kama thelathini katika sebule moja, tunaimba. Sasa kama ni wewe, kama ni harusi, nani atajua?"

Nilihisi mzigo ukipungua uzito, kisha nikaona aibu kwa kuuacha upungue haraka hivyo.

"Usimwambie," alisema.

"Nyanya, nilinyamaza mara moja na ikanisumbua miaka. Usinipe jingine la kunyamazia."

Alirudisha pakiti zake mfukoni. "Basi nitamwambia mwenyewe. Nikipata siku nzuri."

Siku ya kumi na mbili nilirudi kwa yule muuguzi nikiwa mzima. Nilitaka kujua habari ya busta, kama wengi wetu tunavyoiita ile sindano ya nyongeza. Nikamtajia na hali ya Nyanya. Alinieleza polepole. Kwa kuwa nimetoka kuugua, mwili wangu una kinga yake kwa sasa; nikisubiri kama miezi mitatu sipotezi kitu. Lakini mama mwenye presha, aliyewahi kuwekewa oksijeni, ambaye tangu sindano zake mbili hajaongezewa nyingine, huyo asisubiri.

"Na wewe unafundisha watoto wadogo," alisema. "Wanaleta kila kitu muhula unapofunguliwa. Sindano inahitaji kama wiki mbili ifanye kazi vizuri. Hesabu kutoka hapo ukirudi nyuma."

"Na nikikuta zimeisha?"

"Zinaweza kuisha. Siwezi kukudanganya."

Nilipofika nyumbani nilitazama kalenda iliyo nyuma ya mlango. Miezi mitatu ilinifikisha katikati ya likizo ya Desemba, wiki tatu kabla ya kufungua shule. Nikaizungushia Jumanne moja duara. Hilo la kwangu lilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kubisha mlango wa jirani kumshauri juu ya afya ya mama yake, mimi kati ya watu wote.

Nilibisha. Binti alinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha.

"Ni wewe unayekuja kuniambia hivyo?"

"Ni mimi. Ukitaka, muulize muuguzi mwenyewe. Usinisikilize mimi."

Alisema Mama anaogopa sindano itampandisha presha. Nikamwambia hilo pia aliulize. Alhamisi iliyofuata hakwenda Eastleigh. Niliwaona wakitoka asubuhi, Nyanya akiwa amevaa shali yake ya kutokea, na mchana alikuwa kigodani akinionyesha mkono uliochomwa. Walimpima presha kwanza, ikawa sawa. Alilalamikia tu kiti cha kusubiria.

Siku nzuri aliyoitaka ilimchukua majuma matatu kuipata. Jioni moja nikiwa napanga madaftari nilisikia mazungumzo marefu kwa Kiborana, lugha ya kwao, upande wa pili wa ukuta, sauti ya binti ikipanda, ya mama ikibaki pale pale. Asubuhi yake binti alinikuta mferejini.

"Mama ameniambia ya harusi," alisema huku akijaza ndoo. "Lakini wewe bado ulijua."

"Nilijua."

Aliinua ndoo yake. "Basi," alisema. Sikujua basi ile ilikuwa ya kumaliza au ya kuanza.

Jumanne yangu ilipofika nilikwenda kituoni na kukuta kweli zimeisha. Muuguzi alipiga simu mara mbili, akaniambia kuna kituo Kayole bado kinazo, lakini niwahi. Nyanya alikuwa amesema atanisindikiza, na hakukubali kuambiwa kwamba njia imekuwa ndefu. Tulikwenda polepole, tukipumzika kila alipotaka, tena bila mimi kutazama pembeni. Pale Kayole tulikuwa watu watano tu kwenye benchi, na mhudumu alishangaa kuona watu wamekuja wenyewe bila kuitwa. Sindano yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kukunja mkono wa blauzi.

Jioni mkono ulianza kuwa mzito. Nilikuwa naanua nguo kwa mkono mmoja, vibanio nimevishika kwa meno, binti aliporudi kutoka kazini. Aliweka mkoba chini, akaja upande wa pili wa kamba, akaanza kuanua shuka langu kutoka ncha ile nyingine.

"Ni mkono gani?" aliuliza.

"Wa kushoto."

"Ulale upande wa kulia. Mama alilalia wake, akanisumbua hadi asubuhi."

Tulikunja shuka, yeye akaja na ncha zake, nikazipokea.